MOSHONO: MAABARA TUMEJENGA, MAJARIBIO YAKO WAPI?

Uwe unasoma hapa kwa bando lako au umelipia nusu saa kafeni, naomba dakika kumi zako.

Leo tuongee kuhusu kitu ambacho magazeti hukigusa mara moja kwa mwaka, matokeo ya kidato cha nne yakitoka, halafu kinasahaulika mpaka mwaka mwingine. Sayansi mashuleni. Sizungumzii sayansi ya kukariri. Nazungumzia ile ya dogo wa kidato cha kwanza au cha pili kushika kitu, kukijenga, kikavunjika mbele yake, na yeye akajua kwa nini kimevunjika.

Nianze na tarehe moja. Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili 2013. Siku tatu kabla yake, Ijumaa Kuu, ghorofa la Kisutu pale Dar liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Taifa zima lilikuwa macho Dar. Jumatatu ile, huku kwetu Moshono, ukuta wa machimbo ya moramu ukaanguka juu ya watu waliokuwa kazini baada ya mvua. Watu wasiopungua 13 walikufa. Wengi walikuwa watu wa kutafuta ridhiki ya siku, sururu na chepe mkononi.

Tukazika. Viongozi wakaja, wakasema yaliyosemwa. Mimi swali langu tangu siku ile ni la kizembe kidogo: kile kilichowaua kinafundishwa wapi?

Maana hakikuwa uchawi wala mkosi. Udongo wa kwetu ni zao la volkano ya Meru. Moramu ikiwa kavu inashikana kwa msuguano wa punje kwa punje. Ikipata unyevu kidogo, inashikana hata zaidi, ndiyo maana unaweza kuikata ikasimama wima kama ukuta na ukajiona uko salama. Tatizo ni mvua ikizidi. Maji yanajaza nafasi kati ya punje, yanaongeza uzito wa kilima, na shinikizo la hayo maji linasukuma punje ziachane. Msuguano unapungua wakati uleule mzigo unaongezeka. Sasa ongeza mtu anayechimba kwa chini kwa sababu ndiko kurahisi kujaza lori. Amekata mguu wa kilima, na kilima kisicho na mguu kinakuja chini.

Nguvu, uzito, shinikizo. Kwa mtaala ulioanza mwaka 2005, hizo zilikuwa mada za fizikia kidato cha kwanza. Mashine rahisi zilikuwa kidato cha pili. Yaani dogo wa miaka 14 anatakiwa awe amekutana nazo. Lakini amekutana nazo wapi? Ubaoni. Kwa Kiingereza. Mtoto ametoka darasa la saba anajua neno "msuguano", anafika kidato cha kwanza anaambiwa liitwe "friction", ananakili maana yake kwenye daftari, mtihani ukija anairudisha kama alivyoipokea. Jioni anapita pembeni ya machimbo kwenda nyumbani na wala haoni kwamba kile kitu cha kwenye daftari ndicho kinachoshikilia ule ukuta.

MRADI MMOJA WA BEI YA SODA

Hebu tufikirie jambo dogo. Sanduku la mbao lisilo na upande mmoja. Ndoo mbili za moramu. Kopo lililotobolewa matundu, liwe mvua. Kipimapembe cha kwenye mkebe wa hesabu. Wanafunzi watano kwa kundi.

Hatua ya kwanza: mwaga udongo mkavu, pima pembe unayosimamia wenyewe. Mchanga mkavu mara nyingi utakupa nyuzi kama 30 hadi 35. Hatua ya pili: nyunyiza maji kidogo, ukate wima, uone unavyosimama. Hatua ya tatu: endelea kunyunyiza, huku unahesabu makopo, mpaka uanguke. Hatua ya nne, na hapa ndipo jaribio linageuka kuwa uhandisi: kila kundi lipewe udongo uleule, ukubwa uleule wa sanduku, vijiti kumi na kipande cha gunia. Kazi: jengeni ukuta utakaovumilia makopo mengi zaidi ya maji, huku mkiwa mmetoa ndoo nusu ya udongo.

Mnaona tofauti? Kwenye jaribio la kawaida jibu linajulikana, mwanafunzi anatakiwa alifikie tu, na asipolifikia anakopi la jirani. Kwenye mradi wa kihandisi kuna tatizo na kuna mipaka: vifaa hivi, muda huu, mzigo huu. Hakuna wa kukopi kwake, maana kila ukuta ni tofauti. Na kosa lina faida: ukuta wako ukianguka kwenye kopo la tatu na wa wenzako ukaanguka kwenye la tisa, lazima ujiulize wao walifanya nini. Kundi moja litagundua lenyewe kukata kwa ngazi-ngazi badala ya kukata wima. Hilo ndilo jambo wahandisi wa migodi wanalofanya kwenye machimbo halali dunia nzima. Chalii wa kidato cha pili atakuwa amelifikia kwa mikono yake ndani ya vipindi viwili.

Na nyumbani baba yake au kaka yake anachimba. Fikiria mazungumzo ya jioni hiyo.

MAJI YA KWETU, MENO YA KWETU

Mfano wa pili kila mtu wa Arusha anaujua, tena tunataniwa nao mikoani. Meno. Ukienda Dar ukicheka tu wanakuambia "wewe wa Arusha". Ile rangi ya kahawia ni floridi iliyozidi kwenye maji, nayo inatokana na miamba ileile ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Vyanzo kadhaa vya kuzunguka Meru vinapita hapo mara nyingi tu. Na jambo ambalo wengi hawaambiwi: jino linaharibika wakati linajengwa, likiwa bado ndani ya fizi ya mtoto. Ukishakuwa mtu mzima, kupiga mswaki mara kumi kwa siku hakutarudisha kitu. Floridi ikizidi sana kwa miaka mingi inagusa hadi mifupa.

Sasa, dawa ya jambo hili imetafitiwa hapahapa. Pale Ngurdoto kuna kituo cha Wizara ya Maji cha utafiti wa kuondoa floridi. Njia yao maarufu ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe: mifupa inachomwa kwenye joto la nyuzi 400 hadi 500 hivi, hewa ikiwa kidogo, inasagwa, maji yanapita katikati yake, na madini ya mfupa yanaishika floridi. Ukichoma kwa joto kali kupita kiasi uwezo wake unashuka. Tayari hapo una mradi mzima wa kemia na uhandisi: joto kiasi gani, punje ukubwa gani, maji yapite kwa kasi gani, mkaa uchoke baada ya lita ngapi. (Angalizo: maji ya mradi wa wanafunzi hayanywewi! Kupima floridi kunahitaji maabara yenye kifaa chake. Lakini kupima kasi ya maji na ukubwa wa punje kunahitaji saa, chekeche na chupa iliyokatwa.)

Halafu kuna Dk. Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali, Karatu, mhadhiri wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru. Alitengeneza chujio linalotumia mchanga pamoja na chembe ndogo sana za nano, na linarekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya sehemu husika, floridi ikiwemo. Mwaka 2015 akashinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, tena ndiye aliyekuwa mshindi wa kwanza kabisa wa tuzo hiyo. Kutoka Moshono mpaka Tengeru ni mwendo wa daladala tu. Jiulize ni madogo wangapi wa shule za kata wanaolijua jina lake, na wangapi wanawajua wachezaji wote wa Arsenal mpaka wa akiba.

Na usidhani lazima uwe daktari wa falsafa. Bernard Kiwia alikuwa fundi baiskeli hapahapa Arusha. Akatengeneza chaja ya simu ya kukanyaga kwa baiskeli, akaingia kwenye mikutano ya ubunifu inayoandaliwa na watu wa MIT ya Marekani, baadaye akawa mmoja wa waanzilishi wa Twende, karakana ya Arusha inayowafundisha watu, wanafunzi wakiwemo, kujitengenezea zana. Kwenye mji huuhuu ndipo kampuni ya Global Cycle Solutions ilipoanzia mwaka 2009 na mashine ya kupukuchua mahindi inayofungwa kwenye baiskeli. Mashine ya namna hiyo ni mada ya mashine rahisi nzima. Hesabu meno: mbele 48, nyuma 20, pedali ikizunguka mara 1 gurudumu linazunguka mara 2.4. Mwanafunzi aliyehesabu meno yale kwa kidole chenye grisi hasahau.

KWA HIYO TATIZO NI NINI?

Wengi watajibu haraka: maabara. Haya, tuliangalie hilo.

Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu: fizikia, kemia, baiolojia. Mwaka 2014 ilikuwa ni mchakamchaka. Michango, watendaji wa kata usiku na mchana, tarehe ya mwisho Novemba, ikasogezwa mpaka katikati ya 2015. Waliokuwa na miaka ya kutosha wanakumbuka jinsi wazazi walivyosumbuliwa. Majengo yakainuka, mengi kweli, na ni jambo jema, sitalibeza. Ila jengo halifundishi. Kuna majengo yaliyokaa miaka bila meza, bila maji, bila gesi, bila fundi sanifu wa maabara, na hata mwalimu wa fizikia akawa mmoja kwa shule nzima. Tulihesabu kuta kwa sababu kuta zinahesabika. Mkuu wa wilaya anaweza kuzipiga picha.

Kitu kigumu kupiga picha ni mtihani, na mtihani ndio mfalme. Miaka ya 2000 shule zisizo na maabara zilikuwa na karatasi ya mbadala wa vitendo. Jamani, hebu tafakari hiyo. Mtoto anaulizwa kwa maandishi kuhusu jaribio ambalo hajawahi kulifanya, anajibu kwa maandishi, anapewa alama za vitendo! Mwaka 2013, serikali ilipotangaza mgawanyo mpya wa alama, alama 40 kati ya 100 zikawa za maendeleo ya shuleni. Kati ya hizo 40, kazi mradi ilipewa 5. Tano. Mwalimu mwenye darasa la watu wengi atahangaika na mradi wa alama 5 au atakimbizana na mada za alama 60? Mimi simlaumu. Wasomaji mliopita shule miaka hiyo, semeni wenyewe hapo chini hizo alama 5 zilipatikanaje.

Mtaala wa 2005 wenyewe uliitwa wa kujenga umahiri. Kwenye karatasi mwanafunzi alikuwa awe katikati, afanye, agundue. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012, ambapo takriban watahiniwa 6 kati ya 10 waliambulia sifuri kabla alama hazijapangwa upya, yalituonyesha umbali kati ya karatasi na darasa.

MKONO WA NANI, KICHWA CHA NANI?

Sasa tufike penye moto. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeleta mikondo miwili sekondari: wa jumla na wa amali. Utekelezaji wa mitaala mipya ulianza Januari 2024. Mkondo wa amali una ufundi na mafunzo ya kazi ndani yake. Wengi wameshangilia, na mimi nimo, kwa sababu miaka mingi tulikuwa tunazalisha vijana wanaojua kufafanua mashine bila kuishika.

Lakini nina hofu moja, na hofu hii ina historia. Enzi za mkoloni Mwingereza kulikuwa na shule za kati, darasa la tano mpaka la nane. Zilitilia mkazo kilimo na kazi za mikono. Wazazi wengi waliziangalia kwa jicho la pembeni: mzungu anawapa watoto wetu jembe ili kalamu abaki nayo yeye. Mwaka 1967 Mwalimu akaja na Elimu ya Kujitegemea, nia ikiwa kuunganisha kichwa na mkono ndani ya mtoto yuleyule. Kwa shule nyingi likaishia kuwa shamba la mwalimu mkuu, na jembe likawa adhabu ya waliochelewa namba. Kazi ya mkono ikanuka adhabu.

Sasa tukisema amali ni ya mkondo ule na sayansi ni ya mkondo huu, tusishangae baada ya miaka mitano mtaani ikisemwa "dogo kafeli ndio maana yuko amali". Na yule wa mkondo wa jumla ataendelea kukariri floridi bila kuchuja tone la maji. Tutakuwa tumewagawa tena: mikono huku, vichwa kule. Mhandisi ni mtu ambaye havigawi hivyo viwili. Miradi ya kujenga na kujaribu inatakiwa iwe ya kila mtoto wa kidato cha kwanza na cha pili, mkondo wowote, kabla hajaamua anaelekea wapi. Atachaguaje kitu ambacho hajawahi kukigusa?

Ng'ambo ya Namanga wenzetu wameshaingia kwenye hili. Kenya ilifungua shule za sekondari ya chini, gredi ya 7 hadi ya 9, Januari 2023, na kila mwanafunzi anasoma sayansi jumuishi pamoja na somo la msingi wa ufundi. Wameweka mkono na kichwa kwa kila mtoto, hilo ni la kuigwa. Ila wazazi wao wamelalamika sana kuhusu kununua vifaa na kuchapisha makaratasi, na kuhusu miradi ambayo mwishoni anaifanya mama usiku wa saa nne. Funzo: mradi ufanyikie shuleni, ndani ya kipindi, kwa vitu vya bure. Ukishaenda nyumbani, wa mwenye pesa utang'aa na wa maskini utamtia aibu.

Pia kuna wanaosema tunayo maonyesho ya Young Scientists Tanzania, yaliyoanza miaka ya 2011 na 2012 kwa mfano wa yale ya Ireland ya tangu 1965. Ni kweli, na yameibua vijana makini. Lakini maonyesho ni kilele. Shule inapeleka wawili watatu, wanarudi na picha. Hao wengine wote darasani walikuwa wanafanya nini siku hiyo?

TUFANYE NINI SASA

Sitaki kumaliza kwa kusema "serikali iangalie". Nina mambo manne, yote ya bei ya chini.

Moja, vipindi viwili vilivyoungana kila baada ya wiki mbili, kwa kidato cha kwanza na cha pili, viwe vya mradi. Mada ileile ya mtaala, ila kwa mikono. Na mjadala wa kundi uruhusiwe kwa Kiswahili, ripoti ndiyo iandikwe kwa Kiingereza. Mtu anafikiri kwa lugha anayoijua.

Mbili, maswali yatoke mtaani. Moshono waanze na machimbo na mitaro ya mvua. Maji ya Chai waanze na maji, maana jina lenyewe limeshaeleza. Unga Limited wana mafundi welda kila kona.

Tatu, waiteni hao mafundi. Fundi baiskeli, fundi welda, mama anayejenga majiko banifu. Mwalimu mmoja hawezi kuangalia makundi kumi na mbili, lakini mwalimu na mafundi wawili wanaweza.

Nne, alama. Mradi usipokuwa na uzito kwenye upimaji utakufa. Na alama zitolewe kwa daftari la majaribio lenye vipimo na makosa yaliyoandikwa, kwa sababu daftari lenye ukuta ulioanguka mara nne ni gumu kulipika kuliko alama iliyojazwa kwenye fomu.

Kwa nini nina haraka? Piga hesabu. Kwa mpangilio uliotangazwa, waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 wanamaliza msingi darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule wanaomaliza wa darasa la saba wa mfumo wa zamani. Januari 2028 mikupuo miwili inagonga hodi kidato cha kwanza kwa pamoja. Kama leo kushika kifaa ni bahati nasibu, siku hiyo itakuwaje? Shule iliyokwishazoea kufanya kazi kwa makundi, kwa moramu na chupa, itapumua. Inayosubiri vifaa kutoka wizarani itarudi ubaoni na chaki, na watoto watarudi kukariri.

Mvua za masika zinakuja kila mwaka, na vijana wataendelea kuchimba kwa sababu nyumba zinajengwa na tumbo halina likizo. Desemba 2023 tope la mlima Hanang liliua watu zaidi ya 80 pale Katesh, kwa hiyo habari ya udongo na maji haiko Moshono peke yake. Sidai kwamba sanduku la mbao darasani lingewaokoa wale 13. Nasema tu kwamba kijana aliyewahi kuuangusha ukuta wa udongo kwa kopo la maji, akahesabu makopo, anaweza kuuangalia ule mkubwa asubuhi baada ya mvua na kuwaambia wenzake, "oya, leo hapa hatuingii."

Haya, uwanja ni wenu. Wewe shuleni kwenu mlijenga nini kwa mikono, kama mlijenga? Maabara ilikuwa na nini ndani? Walimu mliomo humu, mnibishie: kwa darasa la watoto 70 hili linawezekana au naota? Andikeni maoni hapo chini, hata bila jina, ila matusi hapana.

Alamsiki.